Kiti cha Nyuma ya Baba

Asubuhi ya kwenda kuchagua gari, Mlingoti aliamka amenuna, na kabla hajafika sebuleni akajigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa chumba chake mwenyewe. Mlango huo ameupita tangu siku alipooa. Akautukana. Mlango ukamnyamazia, na hilo likamzidishia hasira.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Mtu aliyewazidi wenzake kichwa na mabega anaishi kwenye dunia iliyopimwa kwa ajili ya watu wengine. Kitanda kinakwisha kabla ya miguu yake. Kioo cha bafuni kinamwonyesha kifua. Kazi yake ilikuwa rangi. Alianza na brashi moja na ndoo, sasa ana mafundi wake na anapaka majengo ya ghorofa, lakini dari bado anapaka kwa mkono wake, bila ngazi, na kila mteja anayemwona anadhani yeye ndiye wa kwanza duniani kusema, "Huyu ukimwita, ngazi unaiacha nyumbani!" Mara ya kwanza Mlingoti alicheka. Mara ya mia alitoa meno tu.

Ila hasira hasa ya asubuhi ile haikuwa ya mlango. Ilikuwa imekaa mezani, inakunywa chai.

"Kaa wima!" alimfokea binti yake wa kwanza kabla hata ya kuitikia shikamoo yake. "Unakunywa chai au unatafuta sindano kikombeni?"

Nyumba nzima ilimwita binti huyo Dada, kwa kuwafuata wadogo zake, pacha wawili wa kiume. Alikuwa na miaka kumi na minne na alishampita mama yake zamani, akawapita walimu, sasa alikuwa anamfukuzia baba. Alijinyoosha kidogo, akahesabiwa amesikia, kisha mabega yakarudi mbele na shingo ikashuka palepale ilipokuwa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa muda sasa. Alitembea ameinama kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Mpira wa wavu, aliokuwa akiupiga mpaka timu za shule nyingine zinalalamika, aliuacha akisema mgongo unamuuma. Mama yake, ambaye ni muuguzi, alimpapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akampeleka kwa daktari, na mfupa wenye kasoro haukupatikana. "Mtoto anajikunja mwenyewe," mama alisema usiku ule. "Sijui kwa nini. Lakini akiendelea hivi, mgongo utazoea."

Neno lile, utazoea, lilimkwama Mlingoti kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alijua kwa nini, au alidhani anajua. Mtoto anauonea aibu urefu wake. Na urefu ule kautoa wapi? Si kwa mama yake, ambaye akisimama jikoni huwezi kumwona nyuma ya friji. Kautoa kwa baba. Kwa hiyo anamwonea aibu baba. Kila mgongo ule ulipopinda mbele yake Mlingoti alijiona ametukanwa, na kwa kuwa hakujua kusema "unaniumiza," alisema "kaa wima," tena kwa kufoka.

"Samaki mkunje angali mbichi," aliongeza siku hiyo, kama kawaida yake, akaenda kuwasha gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la zamani, na la kweli. Lilikuwa halijawahi kuwaacha njiani. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli yake, kikaota kutu hapohapo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeendesha. Ndani ya gari hilo kila mtu alikuwa na pake. Mama mbele. Pacha mmoja katikati. Pacha mwingine nyuma ya mama, pamoja na mipira na mabegi yao, maana hapo palikuwa na nafasi ya kulaza mbuzi. Na nyuma ya baba, Dada.

Hicho kilikuwa kiti cha heshima. Alikichagua mwenyewe akiwa hajaanza shule: alikuwa akinyoosha mkono, anamshika baba sikio, na anasinzia hivyohivyo safari nzima. Pacha walipozaliwa na kuanza kukigombania, Mlingoti alikata kesi. "Nyuma yangu anakaa kifungua mimba wangu," alisema, na sheria ikapita. Sikio liliachwa kushikwa, miaka ikaenda, mtoto akaota miguu, na sheria haikuguswa na mtu. Nani abadilishe heshima?

Walifika dukani. Mbele ya lango alikuwa anawasubiri Injini, mdogo wa mkewe. Aliitwa hivyo kwa sababu akishawaka hazimiki. Injini hakuwa na gari, lakini alijua ya watu wote.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Leo tunakutoa kwenye kiberiti!"

"Habari za asubuhi na wewe," Mlingoti akajibu.

Duka lilikuwa na sakafu inayong'aa na harufu ya mpira mpya. Magari yalikuwa yamepangwa kama yanasubiri kupigwa picha, yote makubwa, ya juu, yenye safu tatu za viti na matairi manene. Muuzaji alikuja na tai yake na tabasamu lake, akamtazama Mlingoti kutoka viatuni kupanda juu, taratibu, mpaka shingo yake ikagoma.

"Bosi! Wewe ukitoka hapa na gari, mimi nimefaulu mtihani!"

Walianza na lenye paa la kioo. Pacha walishalipenda kabla halijafunguliwa, na mama yao naye, ingawa alijifanya anatazama buti. Mlingoti aliingia kama anavyoingia gari lolote, makalio kwanza, kisha akavuta miguu mmoja mmoja. Kichwa kikagonga kioo. Akakilaza begani, maana hakikuwa na pengine pa kwenda.

"Kioo kinakula nafasi kidogo," muuzaji alikiri. "Lakini bosi, ukilaza kiti nyuma kidogo tu..."

Akakilaza. Sasa anga aliiona vizuri sana. Barabara ndiyo hakuiona.

"Watu wa mashindano hukaa hivyohivyo," Injini akasema.

"Nani kakwambia nakwenda mashindano? Nawapeleka watoto shule!"

"Baba watoto, taratibu," mkewe akanong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Mimi wananiangalia tangu nizaliwe!"

Gari la pili lilikuwa na paa la kutosha, ila goti lake la kulia lilikaa chini ya usukani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Kila akizungusha usukani, mkono uligonga goti. Muuzaji akavuta usukani juu, akaushusha, akatoka jasho. Hapo ndipo akafanya kosa la kutania.

"Bosi, tatizo si gari. Tuambie tu, mama alikuwa anakulisha nini?"

Injini akacheka. Pacha wakacheka. Mlingoti akashuka garini, na kwa jinsi alivyoshuka hata Injini alikata kicheko katikati.

"Sikiliza, kijana," alisema. "Nimekuja kununua gari, sijaja kuwa maonyesho. Umeandika mlangoni kwamba magari haya ni ya familia kubwa. Mimi ndiyo familia kubwa! Sasa lete linalonitosha, au sema huna, niondoke."

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Muuzaji hakukasirika hata kidogo. Mteja aliyekasirika huchoka, na aliyechoka hununua. Alimpeleka kwenye gari la tatu, jeusi, lenye umbo la kupendeza, akashika kitufe ubavuni mwa kiti, na kiti kikaanza kurudi nyuma chenyewe, polepole, kikanguruma, kikarudi, kikarudi tena. Mlingoti akaingia. Kichwa hakikugusa kitu. Miguu ilinyooka mpaka kwenye breki. Magoti yalikuwa mbali na usukani. Alikaa hapo, mikono juu ya usukani, na kama si watu wale wote waliomzunguka angetokwa na machozi. Hajawahi kutoshwa na kitu cha kununuliwa dukani tangu atoke utotoni.

"Hili," alisema.

"Hili!" Injini akaitikia, akaanza kuyapiga teke matairi kama anayejua anachokitafuta. Muuzaji alishaagiza karatasi ziletwe.

"Ingieni wote," Mlingoti akaamuru. "Kila mtu kwake."

Wakaingia. Mama mbele, anapapasa dashibodi. Pacha wanasukumana. Milango ikafungwa kwa ule mlio mzito wa kitu kipya. Mlingoti akageuza kioo cha ndani ili aione familia yake ndani ya gari lake, wote wametulia, wote wanamtosha. Aliwaona pacha. Mahali pa Dada akaona mstari wa nywele. Uso hakuuona. Mtoto alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa kifua.

Furaha ile ikakatika kama umeme.

"Hata humu?" alisema. "Hata ndani ya gari jipya? Inua kichwa!"

"Niko sawa, Baba."

"Huko sawa! Kaa wima! Unamwonea nani aibu? Urefu nimekupa mimi, sijauiba kwa mtu! Kama unanionea aibu, niambie hapa, mbele ya watu, tujue moja!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Dada alishusha mguu mmoja, akauvuta wa pili kwa mikono miwili, akajichomoa, akasimama sakafuni. Na akasimama wima. Alisimama mzima, kisigino mpaka utosi, ngumi zimekunjwa, na sauti iliyomtoka haikuwahi kusikika nyumbani kwao.

"Simwonei mtu aibu! Sina pa kuweka miguu!"

Duka zima likageuka.

"Kiti chako kiko mapajani mwangu, Baba! Siku zote kiko mapajani mwangu! Nikikaa wima magoti yanakugusa, unasema usinisukume mgongo. Nikijikunja nisikusukume, unasema kaa wima. Nikae vipi? Niambie wewe, nikae vipi? Asubuhi kwenda shule hivyo, jioni kurudi hivyo, nikishuka mgongo wenyewe haujui kama nimeshuka! Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo unavyosema kila siku? Haya! Nimekunjika!"

Damu ilimpanda Mlingoti. Kufokewa na mtoto wake, mbele ya muuzaji, mbele ya shemeji! Alishuka, akasimama naye uso kwa uso, na hakuhitaji kuinama sana.

"Usinipandishie sauti. Gari hili limejaa nafasi, tangu asubuhi tunatafuta nafasi. Ngoja nikuonyeshe."

Akaenda kukaa nyuma ya kiti chake mwenyewe.

Makalio yaliingia. Miguu ikagoma. Aliinyanyua, akaipinda pembeni, akaipinda upande mwingine, mwisho magoti yakapata mahali pamoja tu pa kukaa, nao ni mgongo wa kiti cha dereva. Kiti hakikusogea. Ili magoti yapumue ilibidi nyonga ziteleze mbele, na nyonga zikiteleza mgongo unapinda, na mgongo ukipinda shingo haina hiari. Shingo yake ikashuka. Kidevu kikafika kifuani. Na akiwa amekaa vile, bila kujitazama, alijua yuko namna gani, kwa sababu ndivyo alivyomwona mtu mwingine asubuhi ile akinywa chai.

Hakuna aliyecheka. Hata Injini.

Muuzaji akakohoa. "Lakini bosi, mbona jambo dogo? Mtoto si akae upande wa mama?"

Ni neno ambalo mpita njia angelisema, na katika nyumba ile halikuwahi kusemwa. Watu wanne walisafiri kila siku pamoja na mtu mmoja aliyekunjwa, na pembeni yake mpira umekaa kwa raha zake.

"Mwanangu," mama akasema, yeye aliyempapasa mgongo ule pingili kwa pingili. "Mbona hukuhama?"

Dada alikuwa ameanza kupoa, na alivyopoa ndivyo macho yalivyojaa. "Ningehama, Baba angesema nimemkimbia."

Mlingoti alijichomoa garini, akawapita wote, akatoka nje kwenye kiberiti chake cha zamani. Alifungua mlango wa nyuma, upande wa Dada, mlango ambao hakumbuki lini aliufungua kwa mkono wake. Kwenye mgongo wa kiti cha dereva kulikuwa na mabonde mawili. Kitambaa kilishakwanguka mpaka nyuzi, na bonde la kushoto lilishatoboka, sponji linachungulia. Fundi rangi anajua mkwaruzo wa siku moja na mkwaruzo wa miaka. Akaweka kiganja kwenye bonde moja. Kilizama.

Akakumbuka alivyoyahisi magoti yale mgongoni, zamani, akadhani ni mchezo, akasema usinisukume. Akasema tena. Halafu yakaacha kumsukuma, na yeye akashukuru Mungu kwamba mtoto amekuwa na adabu. Nyani haoni kundule. Mtu mzima analalamika miaka nenda miaka rudi kwamba dunia haikumpima, kumbe mgongoni kwake kuna mtoto ambaye yeye mwenyewe hakumpima hata siku moja! Alitamani kumpata mtu wa kumpiga ngumi. Alitazama kulia na kushoto pale nje, na mtu aliyestahili ngumi alikuwa mmoja tu.

Aliporudi ndani uso wake ulikuwa mbaya kuliko alivyotoka. Muuzaji alimnyooshea kalamu.

"Weka hiyo," Mlingoti akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Nimekukosea." Alilisema kwa sauti ya kugombeza, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo tayari. "Sasa sikiliza. Mimi nakaa, nasukuma kiti mpaka kinitoshe. Halafu wewe unakaa nyuma yangu. Ukiniambia uko sawa kumbe huko sawa, nitakasirika kweli."

"Naweza kukaa nyuma ya mama," Dada akasema.

"Ukitaka kukaa nyuma ya mama, utakaa kwa kupenda. Si kwa kufukuzwa na kiti changu."

Basi wakaanza upya, na hapo muuzaji akajua siku ni ndefu. Baba aliingia mbele, binti nyuma. "Hapana," Dada akasema kwenye jekundu. "Hapana," kwenye lenye viti vya ngozi. Kwenye lililofuata hakusema kitu, aligonga tu kiti cha baba kwa goti, ngo ngo, na wote wawili wakashuka kwa wakati mmoja, wamenuna sawasawa. Injini alijaribu kutetea moja lenye injini ya nguvu, akaambiwa na mpwa wake, "Mjomba, kaa wewe basi," akazima.

Lililokuwa kona ya mwisho, nyuma ya nguzo, hakuna aliyekuwa ameligusa. Lilikuwa na umbo la kabati la nguo, paa refu bapa, pembe kila mahali. "Hili wanunuzi wanasema limekaa vibaya," muuzaji akasema, keshachoka hata kusema uongo. Mlingoti akaingia, akasukuma kiti mpaka akaridhika. Dada akaingia nyuma. Mlingoti akasubiri goti.

Goti halikuja.

"Sema kweli," alisema bila kugeuka.

"Subiri," Dada akasema. Akanyoosha miguu. Akaikunja, akainyoosha tena. Akaegemea, akainua kichwa mpaka nywele zikawa karibu na paa bila kuligusa. "Hili."

"Jamani, hili kabati?" Injini akaguna.

"Kabati hilohilo," mama akasema, naye leo alikuwa na hasira zake. "Na wewe nyamaza."

Namba za gari zingetoka wiki ijayo, kwa hiyo siku hiyo walirudi nyumbani na kiberiti. Pale nje pacha waliufungua mlango wa upande wa mama, wakatoa mipira na mabegi bila kuambiwa, wakasimama pembeni wamempisha dada yao. Dada akazunguka, akaingia palepale pake, nyuma ya baba. "Hiki ni changu," alisema.

Mlingoti hakubishana. Aliinama, akakamata chuma cha chini ya kiti kwa mikono miwili, akakivuta. Kutu ikakataa. Akakivuta kwa hasira zote alizoamka nazo na alizozipata njiani, kikapiga kelele, kikasogea mbele. Akavuta tena. Alipoingia, magoti yalimkaa pande zote mbili za usukani kama mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mtoto, na kichwa kikabonyeza dari. Akawasha gari hivyohivyo.

"Baba watoto, utaweza kuendesha?" mkewe akauliza.

"Nitaenda polepole."

Walikuwa bado hawajalifikia geti.

"Baba, utaumia," Dada akasema. "Rudisha kiti nyuma. Mimi nimeshazoea."

Mlingoti akakanyaga breki, wote wakayumba mbele. Alijaribu kugeuka, hakuweza, akafoka akiwa ametazama kioo cha mbele.

"Usizoee! Umenisikia? Usizoee! Kaa wima!"

Mlinzi wa geti aliwatazama, akafungua. Ndipo Mlingoti akainua macho kwenye kioo cha ndani, na mahali pa ule mstari wa nywele akaona uso mzima wa mwanawe, umekaa wima, umenuna kama wa kwake.